Kuchapisha Tovuti bila Kuigusa Seva: Tathmini ya Hugo na GitHub Actions kutoka Dunga, Kisumu

Kikundi cha wauza samaki ninachokisaidia hapa Dunga, kusini kidogo mwa mji wa Kisumu, kina tovuti ndogo ya kurasa mia tatu hivi. Humo mna bei za ngege, mbuta na omena za kila wiki, matangazo ya mikutano, picha za mitumbwi, na ukurasa wa vikapu na viti vinavyosukwa kwa magugumaji ya ziwani. Haina duka la mtandaoni, haina mahali pa msomaji kujisajili, wala haina hifadhidata. Ni tovuti tuli, yaani kurasa zake hutengenezwa mara moja zikawekwa kwenye seva, na msomaji anapozifungua anapewa chakula kilichokwisha kupikwa, si kinachoinjikwa yeye akiwa mlangoni. Tathmini hii inahusu njia tunayoitumia sasa, kwa zaidi ya mwaka mmoja, kuzijenga na kuzichapisha kurasa hizo bila mtu yeyote kuigusa seva kwa mkono wake.

Njia ya zamani ilikuwa hivi. Kila Jumapili usiku, baada ya wanakikundi kukubaliana bei za wiki, katibu alinitumia jedwali kwa WhatsApp. Mimi nililinakili kwenye kipakatalishi changu, nikaijenga tovuti yote upya, kisha nikaipakia kwa FTP, njia ya zamani ya kuhamisha faili mtandaoni, hadi kwenye seva ya kampuni moja tuliyokuwa tukiilipa kila mwaka, ambayo sitaitaja. Programu yangu ya FTP haikujua ni kurasa zipi zilizobadilika, kwa sababu kila faili ilikuwa imeandikwa upya dakika ile ile, kwa hiyo ilizipakia zote. Bando la data liliisha na usiku ulikwenda. Jumapili moja ya masika, mvua ikipiga mabati kwa nguvu, umeme ulikatika upakiaji ukiwa katikati. Asubuhi yake ukurasa wa mbele ulikuwa wa wiki mpya, ukurasa wa bei ulikuwa wa wiki iliyopita, na faili ya mitindo, ile inayoipa tovuti rangi na mpangilio, ilikuwa imefika nusu. Wanunuzi kutoka soko la Kibuye walifungua simu wakakuta maandishi yaliyotawanyika kama dagaa walioanikwa na kuku wakapita juu yao, na mmoja wao alinunua mbuta kwa bei ya wiki iliyopita huku ameshikilia simu kama hati ya mahakama. Alikuwa na haki.

Nimelieleza tukio hilo kwa urefu kwa sababu ndilo kipimo ninachokitumia katika tathmini hii. Watu wengi husifu uchapishaji wa kiotomatiki kwa kasi yake, na kasi ni jambo jema, lakini anayefanya kazi mahali ambapo umeme na mtandao huja na kuondoka anapaswa kwanza kuuliza swali jingine: kazi ikikatika katikati, msomaji ataona nini?

Mpangilio wetu wa sasa una sehemu mbili. Ya kwanza ni Hugo, programu huria inayochukua maandishi ya kawaida yaliyoandikwa kwa mtindo wa Markdown, ambao hutumia alama chache nyepesi kuonyesha vichwa na orodha, na kuyageuza kuwa kurasa kamili kwa kufuata violezo. Ilianzishwa na Steve Francia mwaka 2013 na imeandikwa kwa lugha ya Go, jambo ambalo lina faida mbili za wazi: inakuja kama faili moja isiyodai utitiri wa vitu vingine, na ina mbio za ajabu. Kurasa zetu mia tatu hujengwa kabla sijanyanyua kidole kutoka kwenye kibodi. Kabla yake nilitumia Jekyll, ambayo ni ya mwaka 2008 na ndiyo iliyonifundisha kazi hii, lakini kila nilipobadilisha tarakilishi nilipoteza nusu siku nikipatanisha matoleo ya Ruby, lugha iliyoandikiwa.

Sehemu ya pili ni GitHub, jukwaa la mtandaoni la kutunzia faili za miradi, ambayo tunaitumia kwa mambo matatu: kuhifadhi maandishi pamoja na historia yake yote, kuijenga tovuti kwa huduma ya GitHub Actions iliyofunguliwa rasmi kwa watu wote Novemba 2019, na kuionyesha kwa wasomaji kupitia GitHub Pages. Mabadiliko yanapoingia kwenye hifadhi, yaani folda ya mradi wetu iliyoko GitHub, mashine ya muda yenye mfumo wa Ubuntu huwashwa huko iliko, inachukua maandishi yetu, inaweka Hugo, inajenga kurasa, inazifunga pamoja kama furushi, inalikabidhi furushi hilo kwa GitHub Pages, kisha mashine hiyo inatupwa. Kwetu safari nzima huchukua kama dakika moja. Maagizo yote yamo katika faili moja fupi ya YAML, mtindo wa kuandika mipangilio mstari kwa mstari, iliyo ndani ya folda inayoitwa .github/workflows, na watunzaji wa Hugo wameweka mfano wa faili hiyo kwenye maelezo yao, kwa hiyo hakuna sababu ya mtu kuanza na karatasi tupu.

Kuiweka mara ya kwanza si jambo la dakika moja, hata kama wanaoisifu husema hivyo. YAML haikubali vichapo vya Tab mwanzoni mwa mistari, na nafasi mbili zikipungua upande wa kushoto, agizo linahamia chini ya agizo jingine na maana inapotea. Nilikosea mara nne. Kosa la tano ndilo lenye mafunzo. Mandhari ya tovuti yetu, yaani violezo na mitindo yake, yanatunzwa katika hifadhi nyingine iliyounganishwa na yetu kama hifadhi ndogo, na mimi nilisahau kuiagiza mashine izichukue pia hizo hifadhi ndogo. Hugo haikulalamika kwa sauti. Ilitoa onyo la mistari michache kwamba haikupata violezo, ikaendelea na kazi, na mwishoni GitHub ikaweka alama ya kijani ya mafanikio. Tovuti yetu ikawa ukurasa mweupe pe, safi kama shuka ya harusi. Tiba ni kuongeza mstari mmoja, submodules: recursive, katika hatua ya kuchukua maandishi. Tangu siku hiyo nimeweka pia hatua ndogo yangu mwenyewe kati ya kujenga na kukabidhi: inatafuta neno «Ngege» ndani ya ukurasa wa bei uliojengwa, na lisipopatikana kazi inakufa papo hapo. Ninamshauri kila anayeiga mpangilio huu aweke ukaguzi wa aina hiyo, kwa kutumia neno ambalo tovuti yake haiwezi kukosa.

Sasa nirudi kwenye swali langu. Kazi ikikatika katikati, msomaji huona tovuti ya jana ikiwa nzima. Hilo ndilo jibu, na kwangu ndilo linaloupa mpangilio huu thamani yake. Furushi halichukui nafasi ya lile la zamani hadi limekamilika, kwa hiyo hakuna saa ambayo nusu ya kurasa ni za wiki hii na nusu ni za wiki jana. Umeme wa kwangu ukikatika baada ya kutuma mabadiliko, haidhuru, kwa sababu kazi haifanyiki kwangu tena. Ukikatika kabla ya kutuma, hakuna kilichotokea. Watu wawili wakituma kwa wakati mmoja, mfano wa faili niliotaja una sehemu inayowapanga foleni, ili furushi moja lisiwekwe juu ya jingine likiwa bado linashuka. Na kwa kuwa kinachosafiri kutoka Dunga ni maandishi yaliyobadilika tu, jedwali la bei ambalo ni kilobaiti chache, hata bando la kukopa linatosha.

Faida ya pili sikuitarajia. Kwa kuwa ujenzi haufanyiki tena kwenye kipakatalishi changu, si lazima mimi niwepo. Katibu wetu, mama aliyeuza samaki miaka mingi kabla sijazaliwa, sasa hufungua hifadhi kwenye simu yake, hugusa alama ya kalamu, hubadilisha tarakimu katika jedwali, na kuhifadhi. Hiyo tu. Jumatatu moja niliamka nikiwa Kakamega kwenye matanga, nikakuta bei zimeshatoka na sikuwa nimeambiwa lolote. Ugumu wake mkubwa umekuwa lugha, kwa maana vitufe na maonyo yote ni ya Kiingereza na Kiswahili hakimo, kwa hiyo tulichora kwenye karatasi kurasa tatu anazozipitia na maana ya kila kitufe. Karatasi hiyo iko ukutani kando ya mizani.

Historia ya mabadiliko nayo imetuletea utulivu ambao sikuupangia. Wakati mmoja mnunuzi alidai kwamba bei ya ngege wakubwa ilishushwa Jumamosi kisha ikapandishwa kimyakimya. Katibu alimwonyesha orodha ya mabadiliko ya ukurasa ule, kila badiliko likiwa na jina la aliyelifanya, siku na saa. Mazungumzo yakaishia hapo, na samaki wakapimwa.

Jambo lililotusumbua kuliko yote ni saa, nami ninaliweka wazi kwa sababu kila mwenzangu wa Afrika Mashariki atakutana nalo. Bei hukubaliwa Jumapili jioni lakini huanza Jumatatu asubuhi, na hatutaki madalali wazione usiku wakaanza kupatana kabla mitumbwi haijarudi. Hugo ina tabia nzuri ya kutouchapisha ukurasa wenye tarehe ya mbele, kwa hiyo katibu huandika ukurasa Jumapili na kuupa tarehe ya Jumatatu, kisha ratiba ya GitHub Actions huijenga tovuti upya kila alfajiri na kuuchukua ukurasa ambao siku yake imefika. Ratiba hiyo kwa kawaida husomwa kwa saa ya UTC, saa ya kimataifa ya marejeo, ambayo iko nyuma ya saa yetu kwa saa tatu. Ninapotaka ujenzi uanze saa kumi na mbili na dakika kumi na saba asubuhi, ambayo tarakilishi yangu huiandika 6:17, lazima niandike 3:17. Basi mtu anahesabu kwa aina tatu za saa kwa pamoja: ya Kiswahili, ya ukutani, na ya mashine. Hizo dakika kumi na saba si mzaha. Mwanzoni mwa kila saa huduma huelemewa na ratiba za dunia nzima, na maelezo ya GitHub yenyewe yanashauri kuchagua dakika nyingine ili kazi isicheleweshwe.

Hesabu hiyo niliifanya sawasawa, nikajipongeza, na bado tukaanguka. Jumatatu ya pili simu ililia, naye alikuwa katibu.

«Kijana wangu, bei za leo ziko wapi? Watu wamesimama hapa.»

«Mama, ziko. Mashine imeweka alama ya kijani.»

«Hiyo kijani ni ya kwako. Hapa naona za wiki jana.»

Nilitazama rekodi ya ujenzi mstari kwa mstari, sikuona kosa. Ilipogonga saa nne nikaiendesha kazi ile ile kwa mkono bila kubadilisha herufi moja, na bei zikatokea, jambo lililonichanganya kuliko kosa lenyewe. Jioni ndipo nilipofumbua fumbo. Mimi ninapoanzisha ukurasa kwenye kipakatalishi, Hugo huniandikia tarehe na saa pamoja na mkia wa +03:00 unaotaja ukanda wetu. Katibu kwenye simu aliandika kwa mkono, saa 06:00:00, bila mkia. Mashine iliyoko kwenye UTC ikausoma muda huo kama saa kumi na mbili asubuhi ya kwake, ambayo kwetu ni saa tatu. Ujenzi ulipofanyika saa kumi na mbili na ushei, ukurasa ulikuwa bado wa mbele ukaachwa. Saa nne ulikuwa umeshafika. Tiba ni mstari mmoja katika faili ya mipangilio ya Hugo, timeZone ikiwa 'Africa/Nairobi', na tarehe zote zisizo na mkia husomwa kwa saa yetu. Kosa lilikuwa langu. Lakini kwa mara ya pili alama ya kijani ilisimama juu ya tovuti isiyo sahihi, na ni vyema ieleweke hivyo: alama hiyo inasema kwamba amri zimefika mwisho, haisemi kwamba kilichochapishwa ndicho ulichokikusudia.

Kuna mtego mwingine mdogo wa jamii hiyo. Simu nyingi huzipa picha majina yanayoishia kwa herufi kubwa, JPG, na mwandishi huandika jpg ndani ya ukurasa. Kwenye Windows picha huonekana vizuri, lakini Ubuntu hutofautisha herufi kubwa na ndogo, na picha inatoweka mara tu ukurasa unapochapishwa. Tumekubaliana kuandika majina yote ya faili kwa herufi ndogo.

Kuhusu siri, ninaomba msomaji asipite haraka. Akaunti ya bure ya GitHub huonyesha tovuti kwa Pages iwapo tu hifadhi yake ni ya wazi, na hifadhi ya wazi husomwa na yeyote. Ukurasa ulioandikiwa draft: true, yaani kwamba bado ni rasimu, hautokei kwenye tovuti, lakini maandishi yake yamo katika hifadhi, na hata ukiyafuta leo, historia ile ile niliyoisifu itaendelea kuyaonyesha. Kikundi kama chetu kina orodha za mikopo ya wanachama, nambari za simu na mambo ya bima. Hayo hayakanyagi hifadhini hata kama rasimu. Kwa upande mwingine, hatuna tena nenosiri moja la seva linalozunguka WhatsApp kama tangazo la harambee. Kila mtu huingia kwa akaunti yake, na uthibitisho wa hatua mbili, ambao GitHub ilianza kuwadai wachangiaji mwaka 2023, katibu huutimiza kwa programu ya nambari za muda kwenye simu yake. Misimbo ya kuokoa akaunti endapo simu itaanguka ziwani tumeichapa kwenye karatasi na kuifungia kwenye sanduku la bati la mweka hazina, pamoja na kitabu cha hundi.

Gharama ni sifuri isipokuwa ada ya kikoa, yaani jina la anwani ya tovuti, ambacho kwetu ni cha .or.ke. Dakika za mashine kwa hifadhi za wazi hazilipishwi. Kwa hifadhi za faragha akaunti ya bure hupewa dakika 2,000 kwa mwezi, ambazo tovuti ya ukubwa huu ingehangaika kuzimaliza. Tovuti iliyochapishwa isizidi gigabaiti 1, na upitishaji wa data una kikomo kisicho kikali cha gigabaiti 100 kwa mwezi. Cheti cha HTTPS, kinachosimba mawasiliano kati ya msomaji na tovuti, hupatikana bila malipo. Baada ya kuchapisha, kivinjari kinaweza kuendelea kuonyesha nakala ya zamani kwa muda wa dakika kumi, na hilo limewahi kumfanya katibu ahifadhi mabadiliko yale yale mara tatu.

Je, nani asiitumie? Kwanza, mwenye duka. Masharti ya GitHub Pages hayaruhusu kuifanya mahali pa bure pa kuendeshea biashara ya mtandaoni, kwa hiyo anayetaka kupokea oda na malipo ya M-Pesa ndani ya tovuti atafute pengine. Tovuti yetu hutangaza bei na nambari ya ofisi, na mauzo hufanyika kwenye mizani. Pili, anayehitaji kuificha hifadhi yake bila kulipia. Huyo ninamwelekeza kwa Cloudflare Pages, huduma ya kampuni nyingine, ambayo hujenga kutoka hifadhi ya faragha na katika mpango wa bure huruhusu ujenzi 500 kwa mwezi. Nimeijaribu kwa tovuti ya kwaya moja ya Nakuru na haina shida, ingawa ukurasa wake wa mipangilio una milango mingi kuliko mahitaji. Tatu, kikundi ambacho hakina hata mtu mmoja aliye tayari kusoma rekodi ya ujenzi mambo yanapokwama. Kazi inaposhindwa, barua pepe humwendea aliyetuma mabadiliko, na kwetu huyo mara nyingi ni katibu, ambaye barua pepe huzifungua akikumbuka. Tumelazimika kupatana kwamba akiona alama nyekundu anipigie simu.

Nikipima yote, sirudi kwenye FTP, na ninaipendekeza njia hii kwa kila chama, kwaya, shule au ligi ya mtaa yenye tovuti ya kusomwa tu. Mgeni atenge Jumamosi mbili: moja ya kuandika faili ya YAML na kukosea, nyingine ya kumfundisha mwenzake kuandika kwa simu.

Limebaki onyo moja kwa majirani zetu wanaouza omena peke yake, ambao wameniomba niwajengee mpangilio kama huu. Katika hifadhi za wazi, GitHub huizima yenyewe kazi yoyote ya ratiba iwapo siku 60 zimepita bila mabadiliko. Sisi hatufiki huko, kwa kuwa ngege na mbuta huandikwa kila wiki, lakini uvuvi wa omena unapofungwa tovuti yao inaweza kukaa kimya muda mrefu kuliko huo. Ujenzi unaotokana na kutuma mabadiliko utafanya kazi kama kawaida. Ule wa alfajiri ndio utakaokuwa umelala, na ukurasa wenye tarehe ya kesho utabaki umefungiwa. Siku mitumbwi inaporudi majini, mtu aingie kwenye ukurasa wa Actions, aufungue mtiririko wa kazi ile ya ratiba, na auwashe kwa mkono kabla hajaanza kuandika bei.